Nilivyoliozesha ua la kaka yangu kwa kulimwagilia maji, nikapanda lingine mama asijue

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wa mashambani.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, napita. Leo naandika, na ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe. Mahali nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha, mengine yote yako vile yalivyokuwa.

Wale wa "weka picha" mtulie. Hiyo ni miaka ya tisini, na kwetu kamera ilikuwa ya mtu wa studio mjini.

Kilichonifanya niandike ni mdada mmoja aliyeuliza kule jukwaa la kilimo jinsi ya kutunza flame lily, kwa sababu yake imekauka majani na anaogopa inakufa. Watu wakamjibu haraka haraka: ongeza maji, weka mbolea.

Nilianza kumjibu palepale. Nikaandika, nikaandika, nikajikuta nimeacha mambo ya bustani kabisa na machozi yananitoka. Mzee mzima. Ndiyo nikaamua kufungua uzi wangu.

Kwa wasiolijua, hilo ni ua la porini. Kwetu linaota lenyewe kwenye vilima vya mawe, mahali ambapo hata mahindi yanakataa. Ni jekundu, kingo zake ni za manjano, na petals zimegeukia nyuma kama zimepigwa na upepo. Ncha za majani yake hujikunja na kushika chochote kilicho karibu, ndivyo linavyopanda juu.

Chini ya ardhi lina kiazi chembamba chenye matawi mawili. Hicho kiazi ni sumu kali, tafadhali, msicheze nacho, na mkiwa na watoto au mbuzi wekeni uzio.

Sasa nyumbani.

Kwetu ni Suna, nje kidogo ya mji wa Migori. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Tulibaki mama, kaka yangu mkubwa Owino, na mimi Okoth. Baadaye Owino akaoa msichana wa upande wa Homa Bay anaitwa Anyango, kwa hiyo tukawa wanne bomani.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four na nimepata kazi kwenye duka la pembejeo mjini. Nilikuwa nauza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Kwa sababu hiyo kijiji kizima kiliniona mtaalamu wa kilimo. Ukweli ni kwamba nilichojua ni kile kilichoandikwa nyuma ya paketi.

Owino alikuwa mtu wa mbuzi. Ananunua soko la Ogwedhi, anapeleka Homa Bay, na mara nyingine anavuka nao kwa boti kutoka Mbita hadi Mfangano, kwa sababu kisiwani kukiwa na matanga au arusi mbuzi anatafutwa sana. Alikuwa mtu wa kelele, wa kucheka mwenyewe kabla hajamaliza hadithi. Mimi ni kinyume chake.

Huko Ogwedhi aliona ua hili mlimani, akaweka mawe matatu kama alama ili akumbuke mahali. Miezi ikapita. Kabla ya mvua za mwezi wa tatu akarudi pale, akachimba, akaja nyumbani na kiazi kimoja ndani ya mfuko wa koti. Alisema wachungaji wa mbuzi walimcheka sana, mtu mzima anachimba sumu.

Akalipanda ukutani kwa jiko la mama, akachomeka fito mbili.

Mama alikasirika. "Buya, magugu haya! Mimi nashinda shambani nikiyapalilia, wewe unaniletea mpaka kwa mlango?"

Mwezi wa tano likachanua. Watu wa njiani wakawa wanasimama kuangalia. Mama akaacha maneno. Akahamisha kigoda chake, akawa anachagulia maharagwe pale pale kando ya ukuta, na mtu akisifu ua anajibu, "Ni ya Owino hiyo." Kwa majivuno kabisa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo boti aliyopanda Owino na mbuzi wake ilipinduka kati ya Mbita na Mfangano. Ilikuwa mchana, upepo ulikuja ghafla. Wengine waliokolewa, wengine miili yao ilipatikana siku zilizofuata.

Owino hakupatikana.

Mbuzi wawili kati ya wale aliokuwa nao waliogelea wakafika ufukweni wakiwa hai. Niliwaona kwa macho yangu, wamefungwa kwenye nguzo, wanakula majani. Niliwachukia wale mbuzi kwa namna ambayo siwezi kueleza.

Tulitafuta fukwe zote, mimi na baba mkubwa Oloo, kaka wa marehemu baba yetu. Tulilala kwa watu tusiowajua. Baada ya wiki mbili na nusu baba mkubwa akasema, "Turudi. Mama yako hajala tangu tuondoke."

Hapa lazima nieleze desturi yetu kwa wasio Wajaluo.

Mtu wetu akipotea majini na mwili usipatikane, haachwi hivyo hivyo. Linatafutwa tunda la mti unaoitwa yago, lile refu na zito linaloning'inia. Tunda hilo linazikwa kama yeye. Linachimbiwa kaburi, watu wanalia, mambo yote yanafanyika. Baada ya hapo ndipo mtu anahesabika amekufa, na mke wake anahesabika mjane.

Kabla ya yago, mke hana jina. Hawezi kunyolewa nywele za msiba. Hawezi kurithiwa na shemeji, hiyo tunaita tero, wala hawezi kurudi kwao kwa heshima. Anakaa tu.

Anyango alikuwa na miaka kama ishirini na mbili. Walikuwa hawajapata mtoto.

Baba mkubwa alipoita kikao cha familia nyumbani kwa mama na kusema sasa tutafute yago, mama alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sijaona mwili. Siwezi zika tunda na mtoto wangu labda yuko Uganda ama Tanzania, amegonjeka kwa nyumba ya watu."

Watu wakamsihi. Pale pale akaonyesha kwa mkono nje, upande wa jiko.

"Hiyo maua alipanda na mkono wake. Ikikauka mpaka mvua inyeshe na isirudi, nitajua ameenda. Mtazika hiyo tunda yenu na nitalia. Lakini ikirudi, hakuna mtu anizungumzie maneno ya kaburi."

Baba mkubwa akakubali. Nafikiri aliona ni miezi michache tu, na ua lenyewe lilikuwa tayari limeanza kuwa la manjano. Alitaka mama apate muda.

Hivyo ndivyo kifo cha kaka yangu kilivyofungwa kwenye mmea.

Wakuu, hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza. Nawaambia polepole ili yule mdada wa jukwaa la kilimo aelewe.

Ua hili likimaliza kuchanua, linakauka lote. Majani yanakuwa ya kahawia, shina linaanguka, juu ya ardhi hakibaki kitu. HALIJAFA. Limelala. Kiazi kiko chini kinangoja mvua, na wakati huo wa kulala hakitaki maji hata kidogo. Kimezoea vilima vya mawe na jua kali. Ukikimwagilia kikiwa kimelala, kinaoza.

Mimi sikujua. Mwaka wa kwanza Owino alikuwa ameleta kiazi tayari kimelala, kwa hiyo hatukuwahi kuliona likikauka.

Mwezi wa kumi na mbili shina likaanguka. Mama akaniita asubuhi kabla sijaenda kazini. "Okoth, wewe ndio unajua mambo ya mimea. Nisaidie."

Na mimi, mtaalamu wa paketi, nikajibu: "Mama, hii ni kiangazi. Inataka maji."

Tukaanza. Asubuhi ndoo moja, jioni ndoo moja. Anyango ndiye aliyekuwa anayabeba kutoka mtoni, kichwani, na hakuna siku alichelewa. Mama aliyamwaga kwa kikombe, taratibu, akiongea na ule udongo mtupu. Mimi nikaleta mbolea kutoka dukani, nikazungushia. Nikaongeza na samadi ya zizini.

Januari yote, Februari yote. Udongo wa vijiji vyote ulikuwa umepasuka, wa pale ukutani ulikuwa tope.

Mwezi wa tatu mvua ikaanza. Mama akawa hatoki pale. Kila asubuhi anachutama, anapapasa udongo na vidole. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Alianza kukonda usoni.

Siku moja alienda kliniki na Anyango akamsindikiza. Nikabaki peke yangu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikafukua.

Kiazi kilikuwa kimekuwa uji. Nilikishika kikapasuka mkononi, kikanuka. Nilikaa chini nikaangalia ile kitu kwenye kiganja changu, nikajua ni mimi. Mama alikuwa ameniuliza na mimi nikamjibu kama mtu anayejua.

Nilifukia shimo, nikanawa mikono mara nyingi.

Sasa, mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwambia mama: ua limekufa, ni makosa yangu, halikufa kwa sababu ya Owino. Ama angenyamaza tu, mvua iishe, mama akubali, kaka azikwe.

Mimi sikuweza kufikiria uso wa mama akiambiwa. Pia, niwe mkweli, niliogopa ajue ni mimi niliyeliua. Hivyo vitu viwili vilichanganyika na mpaka leo siwezi kuvitenganisha.

Siku ya soko nikaomba ruhusa kazini nikaenda Ogwedhi. Nilipanda vile vilima nikiwa na panga na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Maua yalikuwa yameanza kuchipua, machipukizi kama kidole. Yalikuwa mengi ajabu. Hakuna mtu aliyeyamwagilia hata tone.

Cha kwanza nilikikata ncha na panga. Ukikata ncha ya kiazi basi, hakioti tena, maana huko ndiko chipukizi linatokea. Cha pili nikakivunja. Cha tatu panga lilikikwaruza ubavuni tu, nikaendelea kuchimba kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu, nikakipata na ncha yake nzima na udongo wake.

Jumapili mama na Anyango walipoenda kanisani nikasema tumbo linaniuma. Nikakipanda pale pale, nikaacha ncha ya kijani ionekane kidogo juu ya udongo. Nikafagia alama za miguu yangu.

Waliporudi sikutoka nje. Nilikuwa nimelala kitandani nikingoja. Nilisikia mama akiweka Biblia kwenye kigoda, halafu nikasikia vigelegele.

Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Aliimba. Alimkumbatia Anyango, akamwambia, "Bwana yako anarudi, nyathina, mtoto wangu, anarudi." Anyango alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilimwangalia kwa dirisha nikafikiri: maskini, huyu anajua ni upuuzi, anamstahi mama tu.

Kumbukeni hiyo fikira yangu.

Baba mkubwa alikuja, akalitazama ua, akanitazama mimi. Sijui kama alishuku. Alisema, "Basi tungoje," akaenda zake.

Mwezi wa tano likachanua. Mama akapika kuku, akafunga na ugali kwenye kitambaa, akaenda mpaka Mbita kuuliza kama kuna mtu amemwona mwanawe. Akarudi kesho yake na chakula kile kile kimeharibika. Alikitupa. Baada ya mwezi akaenda tena. Akavuka hadi Mfangano, akauliza nyumba kwa nyumba. Watu wa kule walimhurumia, wakampa samaki wa kubeba.

Lilipokauka tena mwisho wa mwaka nilikuwa nimeshajifunza. Nilikuwa nimemuuliza mzee mmoja mchunga mbuzi kule Ogwedhi, akanicheka. "Hiyo kitu haitaki mtu. Wachana nayo, itajiamsha yenyewe." Nikamwambia mama asimwage maji, nikafunika pale na kipande cha bati ili udongo ukae mkavu. Nikazungushia miiba mbuzi wasifike.

Nililitunza vizuri sana, wakuu. Ningeweza kuliacha mama alimwagilie, lioze, yaishe. Mara moja nilisimama pale na birika la maji moto mkononi. Nikarudi nalo jikoni nikatengeneza chai. Kila mara nilijiambia mwaka mmoja zaidi, mama apate nguvu kwanza.

Mama hakupata nguvu. Alikuwa anaishi kwa ajili ya mwezi wa tano, na mwezi wa tano ukipita anazimika.

Likarudi mwaka wa pili. Vigelegele tena. Mbita tena.

Mwisho wa mwaka huo wa pili, mchana mmoja nikiwa natengeneza ule uzio wa miiba, Anyango alikuja akasimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Alikuwa amepungua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii maua inaweza kufa?"

Nikamjibu, "Ikitunzwa haiwezi."

Akasema, "Sawa," akaenda.

Swali hilo lilinikosesha amani kabisa. Nilielewa kwamba mwanamke huyu amechoka. Anataka ua life, yago lizikwe, anyolewe, awe mjane kama wajane wengine, maisha yaendelee. Na mimi ndiye niliyekuwa namfungia mlango. Nikaamua kumwambia mama ukweli kwa ajili ya Anyango.

Nilichagua siku ambayo mama alikuwa ametulia, ameketi ndani anashona kikapu. Nilipiga magoti. Nikamweleza yote: maji, kuoza, Ogwedhi, mkebe, ile Jumapili. Nilikuwa nalia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikapu chini.

"Ni Oloo amekutuma?"

Nikasema hapana.

"Basi ni wewe mwenyewe." Akasimama. "Sasa nimeona. Unataka nizike tunda, ndio uingie nyumba ya ndugu yako. Si useme tu unataka Anyango! Kwani lazima umuue Owino kwanza?"

Wakuu, hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mimi ndiye mdogo wa Owino. Kwa desturi, Owino akizikwa, wa kwanza anayetazamwa kumrithi mkewe ni mimi. Kwa macho ya mama, kijana ambaye hajaoa anakuja kupiga magoti na kusema ua la kaka yake ni bandia, azikwe haraka. Ungekuwa wewe ungeamini nini?

Nikamwambia twende nikufukulie uone, kile cha mlimani kilikuwa na kovu la panga. Alitoka nje kabla yangu, akachukua jembe, akasimama mbele ya ule uzio. "Guza," akasema. "Guza nikuone."

Uongo wangu aliuamini mara moja. Ukweli alikataa katakata.

Alisema kwa sauti, na boma letu si kubwa. Anyango alikuwa kwenye mafiga anasonga ugali. Aliyasikia yale ya mwisho, ya kwamba namtaka. Kile nilichokisema ndani kwa sauti ya chini hakukisikia. Majirani nao walisikia hayo hayo.

Baada ya siku nne alifunga nguo zake kwenye leso moja, akaenda kwao Homa Bay. Hakuniaga. Mama hakumzuia. Watu wakasema ametoroka, wakasema alikuwa na mimi, wakasema mengi. Aliondoka bila kuwa mke wala mjane, na mimi sikutoka hata kumwambia safari njema, niliogopa watu wataona ni kweli.

Nilihamia chumba cha kupanga mjini. Mama alikuwa anakubali nimletee sukari na dawa lakini hakunitazama usoni. Ua likarudi mwaka wa tatu. Lile bati la kufunika lilikuwa limewekwa na yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, aliugua kifua. Wiki mbili tu. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono. Aliniuliza kama mvua imeanza. Nikasema bado. Hakuongea tena.

Baada ya kumzika mama, baba mkubwa hakungoja. Alisema kuna mambo yamekaa vibaya katika boma hili kwa muda mrefu sana. Yago likaletwa. Kaburi la Owino likachimbwa. Anyango akatumiwa ujumbe, kwa sababu bila yeye haiwezekani.

Alikuja na shangazi yake. Alikuwa amevaa nguo nzuri, ya kutoka, si ya msiba. Hiyo ilinishangaza. Alikaa pembeni, hakulia, alikuwa anatazama lile shimo kwa hasira. Wanawake walipomwita kunyolewa akakataa. Alisema hawezi kunyolewa kwa ajili ya mtu ambaye hajafa. Alisema wazee wamengoja mama afe ili wafanye wanavyotaka.

Ndipo nilipoelewa kwamba huyu naye aliliamini lile ua. Mambo yakaniingia yote kwa pamoja, hata lile swali lake: alikuwa anaogopa life.

Nilimwendea, nikamwomba tusogee kando karibu na zizi, shangazi yake akiwa anatuona ili watu wasiseme. Nikamweleza. Safari hii sikulia. Nilimweleza mpaka kovu la panga.

 Nilipomaliza akakaa chini kwenye nyasi na ile nguo yake nzuri.

"Nyumbani wamekuja watu wawili kuniuliza," alisema. "Watu wazuri. Nilikataa wote. Niliwaambia niko na bwana."

Nikasema, "Anyango, nilidhani wewe hukuamini. Nilidhani ni mama tu."

"Mama alikuwa anaamini mchana," akasema. "Mimi usiku na mchana. Nilikuwa nabeba maji mpaka shingo inaniuma, na sijawahi kusema nimechoka."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilijaribu kumwambia mama ukweli, akakataa, ndiyo yakatokea yale.

Alinitazama. Hakukuwa na hasira tena usoni kwake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Mama ungemwachia maua yake. Mimi ungeniambia."

Akainuka, akajipangusa nyasi, akaenda kwa wale wanawake akainamisha kichwa wamnyoe.

Wakuu, ni hayo. Katika miaka yote ile nilifikiria mambo mawili tu, ama niseme kwa mama ama ninyamaze. Kumwambia Anyango peke yake, kwa dakika tano pale kwa mafiga, hakukunijia akilini hata siku moja.

Alirudi kwao baada ya siku za msiba. Nilisikia baadaye aliolewa na mtu mwenye watoto tayari, upande wa Rangwe. Hakuzaa. Sitaki mniambie si makosa yangu, naomba sana, hiyo comment nimeshajiandikia mwenyewe mara nyingi na haijasaidia.

Kwa mdada wa jukwaa la kilimo: dada, ua lako halijafa. Ondoa kikombe cha maji. Liweke pakavu, lifunike, usilipapase, ngoja mvua. Kama lilishaoza, basi limeoza. Mwambie mwenye kulipenda siku hiyo hiyo.

Na wewe unayesoma, kama kuna uongo unaulea nyumbani kwa sababu ya kumhurumia mtu mmoja, hesabu tena ni wangapi wanaouamini. Unaweza kukuta aliyeumia zaidi ni yule uliyedhani anajua.

Nawauliza, na nataka majibu ya kweli: nani kati yenu amewahi kumwomba mtu msamaha akiwa amechelewa hivi? Ulimwambia nini?  Mimi nilibaki pale zizini nikasikia wembe.